Mlio Usio na Mtu Nyuma Yake

Je, mlio unaweza kusema uongo? Tumezoea kuuhesabu uongo kuwa dhambi ya ulimi, na mlio hauna ulimi wala maneno. Lakini mimi naishi kwa kuandika milio, na swali hili limenikaa kichwani tangu mteja mmoja aliponiletea kazi ambayo niliikataa.

Kazi yangu ni skripti za tovuti. Mtu ana tovuti yenye kidirisha cha chati pale chini pembeni. Wateja wanaandika, wahudumu wanajibu. Mhudumu hawezi kukikodolea macho kidirisha hicho siku nzima. Anafungua kurasa nyingine, anajaza fomu, anapokea simu. Ujumbe ukiingia, lazima kiwepo kitu cha kumshtua. Hapo ndipo ninapoitwa. Naandika msimbo wa JavaScript unaoichunga orodha ya ujumbe, na mstari mpya ukiongezeka unatoa sauti. Sauti yenyewe sipendi kuichukua kwenye faili lililokwisha kutengenezwa na wengine. Naiunda humo humo ndani ya kivinjari. Noti ya kwanza hezi 660, ya pili hezi 880, na zote mbili hazifiki nusu sekunde. Kila noti ianze kwa kupanda na iishe kwa kufifia, maana ukiikata ghafla spika hutoa "tak" kavu inayoudhi sikio. Haya ni mambo ya fundi na yana utamu wake. Ila sehemu kubwa ya kazi hii si kuliza. Ni kuzuia kulia.

Msimbo ulioandikwa kivivu hulia kwa kila mstari unaoongezeka. Asubuhi mhudumu anafungua ukurasa, mazungumzo ya jana yanapakiwa yote kwa mkupuo, na spika inalia mfululizo kwa mambo yaliyokwisha jibiwa. Akituma jibu lake mwenyewe, inamlilia yeye aliyelituma. Akiwa ameufungua ukurasa ule ule kwenye vichupo vitatu, inalia mara tatu. Kwa hiyo naweka masharti: ujumbe wa zamani usilie, ujumbe wako mwenyewe usikulilie, kama ukurasa uko mbele ya macho yako, hakuna haja ya kukuita, maana umeshafika; na kama vichupo ni vingi, kimoja kilie kwa niaba ya vyote. Nilipoyatazama masharti hayo yakiwa yamepangana kwenye skrini nikaona kwamba si ufundi mtupu. Ni adabu za kumwita mtu: nani anaitwa, anaitwa na nani, kwa jambo gani.

Sasa, mteja wangu. Anauza vifaa vya umeme kwa mtandao, na aliniambia anataka mlio upande wa pili, kwa mgeni anayetembelea tovuti. Mgeni akishaingia, zipite sekunde chache, mlio ulie, kiduara chekundu chenye tarakimu 1 kitokee, na chini yake picha ya binti anayetabasamu, na jina lake, akisema yupo tayari kusaidia. Binti huyo hayupo. Picha imenunuliwa. Maneno yameandikwa kabla, na hakuna mtu aliyeketi upande wa pili.

"Dada, kila mtu anafanya hivi," akaniambia. "Mtu akisikia mlio anageuka."

"Akigeuka atamkuta nani?"

"Atamkuta roboti kwanza. Akiwa mteja wa kweli, tutaona namna."

Akanieleza pia jinsi ya kuwakwepa watengeneza vivinjari, na hapo ndipo moyo wangu ulipokataa kabisa. Ni vizuri msomaji aijue kwanza kanuni yao, kwa sababu inamlinda kila siku bila yeye kuiona. Zamani tovuti iliweza kulia muda wowote ilipotaka. Ulifungua ukurasa na tangazo likaanza kupiga kelele. Mwezi Aprili 2018, Chrome toleo la 66 likazuia: ukurasa usitoe sauti mpaka mtu mwenyewe awe ameugusa, kwa kubofya au kubonyeza kitufe, isipokuwa kwa tovuti ambayo tabia yake inaonyesha anasikiliza humo mara kwa mara. Mwishoni mwa mwaka huo sheria ikafika hadi kwenye sauti zinazoundwa ndani ya kivinjari, kama zangu. Firefox ikafuata Machi 2019. Leo ninapowasha chombo cha sauti kwenye ukurasa mpya, kivinjari hukipokea lakini hukiweka katika hali ya kusimamishwa. Kipo na kiko kamili, ila kimezuiwa kizingitini mpaka mwenye nyumba anyooshe mkono.

Hodi, kwa maneno mengine. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Sura ya An-Nur, katika aya ya 27 na ya 28, inawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao bila kuomba ruhusa na kuwasalimu wenyewe, na inasema ukiambiwa urudi, basi rudi. Ipo na ile habari ya Abu Musa al-Ash'ari aliyekwenda kwa Umar bin al-Khattab wakati wa utawala wake, akabisha mara tatu, hakujibiwa, akaondoka zake. Umar alikuwa ameshughulika. Alipomaliza akauliza, mbona nilisikia sauti yake? Akaitwa. Abu Musa akasema ndivyo walivyofundishwa na Mtume: mara tatu, usipopewa ruhusa, urudi. Umar akataka shahidi, na Abu Said al-Khudri akasimama kushuhudia. Naipenda habari hii kwa sababu aliyebishiwa alikuwa mtawala wa dola nzima na aliyebisha alikuwa na haja naye, na bado haja haikumpa haki ya kubisha mara ya nne.

Mteja wangu alitaka nifanye hivi: mgeni akibofya popote kwa mara ya kwanza, hata kama anabofya kuona bei ya pasi, msimbo uidake ile bofya na kuifanya ruhusa ya kulia. Kivinjari kitaridhika, maana kimeona mkono umegusa. Lakini mtu aliyegusa ili aone bei hakusema karibu. Sheria imetimizwa, na mtu ameibiwa idhini yake. Kama kuna swali la dini katika kazi yangu, ni hilo: niyafanyayo yapimwe kwa kile ambacho mashine imekubali, au kwa kile ambacho mwenzangu alikusudia? Nimelelewa katika kitabu cha hadithi kinachoanza na nia. Sina njia ya kujifanya sijui jibu.

Narudi kwenye uongo. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Wahenga hawakusema huenda kuna jambo. Pembe ya mnyama haina maneno, lakini kijiji kizima kilipoisikia kiliacha jembe, kwa sababu kupuliza kwenyewe kulikuwa ni tamko. Aliyepuliza bila jambo aliwadanganya watu, hata kama hakufungua kinywa kusema neno. Hapa Dar es Salaam tunaishi katikati ya matamko ya namna hiyo. Muuza kahawa anagonganisha vikombe. Muuza sigara na karanga anatikisa sarafu mkononi. Kijana anayepaka rangi za kucha anagonga vichupa vyake akipita kibarazani. Kila mlio unasema: nipo, ninacho, njoo. Ukitoka nje unamkuta mtu na unakikuta kitu. Ndiyo maana milio hiyo, pamoja na wingi wake, haijawahi kunikera.

Wala sisemi kwamba sauti lazima itoke kwenye koo la mtu wakati ule ule. Mwaka 1989 Mmarekani mmoja, Elwood Edwards, alirekodi kwenye kaseti nyumbani kwake maneno machache ya kumjulisha mtu kwamba ana barua. Kampuni alikofanya kazi mke wake, ambayo baadaye ikaitwa AOL, iliyatumia maneno hayo kwa mamilioni ya watu. Edwards alifariki Novemba 2024, na sauti yake bado inajulikana. Hakuwa amekaa ndani ya kompyuta ya kila mtu. Lakini ilipolia, barua ilikuwepo. Hata kabla yake, alama namba 7 katika ASCII, mpangilio wa alama za maandishi wa mwaka 1963 ambao kompyuta zetu zimeurithi, si herufi bali ni kengele: waliopeleka ujumbe kwa mashine za teleprinta waliweza kuigonga kengele ya upande wa pili ili karani ainuke. Tangu mwanzo kabisa mawasiliano ya mashine yalitenga nafasi ya kumwita mtu, na nafasi hiyo ilikuwa na mtu kila upande.

Kuna jambo katika historia ya adhana ambalo nadhani kila anayeandika milio angepaswa kulitafakari, awe Muislamu au asiwe. Waislamu walipofika Madina hawakuwa na mwito. Walikusanyika kwa kukadiria wakati. Wakashauriana: wengine wakataja nakusi, gogo la mbao walilogonga Wakristo, wengine wakataja pembe kama ya Wayahudi. Kisha Abdullah bin Zaid akaota anafundishwa maneno ya mwito, Umar naye akaja kusema ameota yale yale, na Mtume akaagiza Bilal bin Rabah afundishwe maneno hayo kwa kuwa sauti yake ilikuwa na nguvu zaidi. Ikachaguliwa sauti ya mtu. Na ndani ya mwito huo, kabla ya kuwaambia watu waje, muadhini anatoa ushahidi. Anashuhudia kwanza, ndipo anaita. Babu yangu mzaa mama aliadhini miaka mingi Pangani kwenye msikiti mdogo ambao wakati huo haukuwa na kipaza sauti, na alikuwa akituambia wajukuu kwamba muadhini haadhini kabla ya wakati hata kwa dakika moja, kwa kuwa kuna mgonjwa na kuna mfungaji wanaomtegemea yeye badala ya saa.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba Madina ya zama hizo ilikuwa tayari na kile ambacho wateja wangu wananilipa kukitengeneza: milio tofauti kwa mambo tofauti. Katika Ramadhani Bilal aliadhini usiku, kabla ya alfajiri, ili aliyelala aamke na aliyesimama katika sala apumzike. Adhana hiyo haikuzuia kula. Ya pili, iliyoleta alfajiri yenyewe, aliitoa Ibn Umm Maktum. Watu waliambiwa wale na wanywe mpaka wamsikie huyo wa pili. Maneno ni karibu yale yale. Tofauti ni koo. Mtu aliyekuwa na tonge mkononi gizani alijua aendelee au aache kwa kuitambua sauti ya nani inaita. Na Ibn Umm Maktum alikuwa kipofu. Hakuona mwanga. Hakuadhini mpaka watu walipomwambia kumekucha. Mwito wake ulisimama juu ya ukweli alioletewa na wengine, na wengine wakafunga midomo kwa kumwamini.

Nimeweka mantiki hiyo hiyo katika kazi moja niliyoipenda kuliko zote, ya kituo kidogo kinachowashauri wajawazito kwa chati. Usiku anakuwepo muuguzi mmoja. Meneja alitaka kila kitu kilie: ujumbe wa mama, taarifa ya mfumo kwamba nakala imehifadhiwa, kikumbusho cha kubadilisha zamu, taarifa ya mtu kuingia na mtu kutoka. Muuguzi aliyeketi nami kunieleza kazi yake akaniambia kwa upole, "Dada, ukiniwekea mlio kwa kila kitu, mimi nitazima vyote." Basi tukakubaliana. Mama akiandika, noti mbili, ile ya kupanda. Mama akiandika na hajajibiwa baada ya muda, noti tatu, nzito kidogo. Yote yaliyobaki yaandikwe kimya kwenye orodha, atayasoma akipata nafasi.

Alichosema muuguzi huyo hospitali kubwa zimekilipia kwa roho za watu. Mwezi Aprili 2013, Joint Commission, taasisi inayothibitisha ubora wa hospitali za Marekani, ilitoa tahadhari kuhusu kengele za mashine za wagonjwa. Ilikuwa imepokea taarifa za matukio 98 yaliyohusiana na kengele hizo kati ya Januari 2009 na Juni 2012, na katika matukio 80 mgonjwa alifariki. Ilieleza pia kwamba kwa makadirio, asilimia 85 hadi 99 ya milio ya mashine hizo haihitaji daktari wala muuguzi afanye lolote. Wafanyakazi wanazoea, wanapunguza sauti, wanazima, na ule mmoja wa kweli unalia ndani ya masikio yaliyokwisha kuzoea. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kiduara chekundu cha mteja wangu hakimdhuru yeyote. Kila mlio wa uongo unachota kwenye kisima ambacho mlio wa kweli utakihitaji.

Mwenzangu ninayechangia naye ofisi ni Mlutheri wa Bukoba, mwandishi mzuri wa msimbo kuliko mimi, na tulipokuwa tukijadili haya alinikumbusha habari ya mtoto Samweli. Alilala hekaluni, akasikia anaitwa, akakimbia kwa mzee Eli: umeniita. Eli akamwambia hakumwita, akalale. Mara tatu. Ndipo mzee akatambua ni nani anayeita, akamfundisha mtoto namna ya kuitika. Mwenzangu anasema jambo zito katika habari hiyo ni subira ya kumtambua mwitaji, na kwamba Eli, mzee ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, ndiye aliyetambua. Mimi naongeza hivi: Samweli alikimbia kila mara. Mtoto aliyefundishwa kuitika anaitika hata akikosea mlango, na huo ndio uzuri wake. Ni uzuri huo huo anaouwinda mteja wangu. Mtu anageuka anaposikia mlio kwa sababu ana wema wa kugeuka, alilelewa hivyo. Kuutumia wema huo kumpeleka kwenye picha iliyonunuliwa, kwangu mimi, ni haramu, na sihitaji fatwa kulisema hilo.

Simone Weil, mwanafalsafa Mfaransa aliyefariki 1943, alimwandikia rafiki yake mshairi Joë Bousquet kwamba kumpa mtu usikivu wako ni ukarimu wa nadra kuliko mwingine, na kwingineko aliona usikivu uliokamilika kuwa ndiyo sala. Sikubaliani naye katika mambo mengi, lakini hapa nadhani aliona mbali. Kama usikivu ni sala, basi anayeuita usikivu wa mwenzake anaomba sehemu ya kitu ambacho mwenzake angeweza kumpelekea Mola wake. Inatakiwa awe na haja.

Nimeulizwa kutoka upande mwingine pia. Ustadhi mmoja mwenye tovuti ya maswali na majibu ya dini alitaka ujumbe ukiingia spika itoe kipande cha adhana, sekunde mbili hivi za mwanzo. Nia yake ilikuwa njema. Alitaka hata kazi yake ya ofisini imkumbushe Mungu. Nikamwambia, "Ustadhi, mtu ataisikia adhana saa tano asubuhi, na hakuna sala." Akanyamaza, akafikiri. Nikamtajia kwamba mwaka 2010 Mufti Mkuu wa Misri wakati huo, Ali Gomaa, alikataza kuzifanya aya za Qur'ani kuwa milio ya simu, kwa sababu aya hukatwa katikati mtu anapopokea, na maneno hayakushushwa kwa kazi hiyo. Adhana si aya, alinijibu, na ni kweli. Lakini hoja ya wakati ilimgusa kuliko hoja ya kukatwa. Tukaweka noti mbili za kawaida.

Swali linalonisumbua hasa ni la siku hizi. Roboti za sasa zinajibu kweli. Mtu anauliza waya wa jiko unapitisha ampea ngapi na anapata jibu sahihi, haraka kuliko ambavyo mimi ningelitafuta. Je, roboti kama hiyo haina haki ya kulia? Kwa muda nilidhani jibu ni rahisi: mtu aite, mashine inyamaze. Kisha nikakumbuka kengele ya wodini. Hiyo ni mashine na inalia, na ina haki kuliko sisi wote, kwa kuwa nyuma yake kuna mgonjwa ambaye pumzi inamwishia na hana sauti ya kuita. Kwa hiyo kipimo hakiwezi kuwa kwamba mwitaji awe na damu. Kipimo ni kama mlio umebeba haja ya mtu fulani aliyepo. Roboti inayomjibu mgeni aliyeuliza inabeba haja ya mgeni mwenyewe. Ikimlilia kumwambia jibu lako tayari, haijasema uongo, mradi isijifanye binti. Roboti inayolia ili mgeni ageuke, hali mgeni hakuuliza kitu, haijabeba haja ya yeyote ila ya muuzaji, na imeificha haja hiyo ndani ya tabasamu la mtu ambaye hayupo. Najua mpaka huo una kona ambazo sijazifikia. Kikumbusho cha dawa kwa mzee aliyesahau kwamba aliomba kukumbushwa kiko upande gani? Nadhani ni upande wa haki, ila ningependa mzee awe na njia nyepesi ya kukinyamazisha.

Mteja yule nilimrudishia malipo yake ya awali na tukaagana vizuri. Kwa wengine wanaokuja naandika sharti mapema katika makubaliano, na ndani ya msimbo lipo juu kabisa, kabla ya noti yoyote kuundwa: kama ujumbe hauna mtumaji anayejulikana, na haujibu jambo lililoulizwa, wala haubebi taarifa ambayo msikilizaji mwenyewe aliiomba, rudi, usilie. Mteja akitaka mstari huo uondolewe, atafute mwandishi mwingine.